Msichana wa Tatu kutoka Kushoto

Njoro
6 Agosti 2024

Kiprugut,

Barua hii ataileta binamu yako Becky akija Naivasha na dawa zake za mifugo. Usinipigie simu tena, wala usitume meseji. Ndugu yangu Njuguna anashika simu yangu pale mezani kama yake, na juzi aliniuliza huyu "K Olkaria" anayeniuliza kama nimelala ni nani. Nikasema ni fundi wa combine, mashine ya kuvunia ngano. Akacheka, lakini aliniangalia vibaya. Kwa hivyo tuandikiane kwa karatasi. Acha barua zako kwa Becky, kwenye agrovet yake hapa mjini. Mimi huenda pale kila wiki na hakuna anayeshangaa.

Sasa jambo lenyewe. Wazee wameamua. Mwezi ujao tutaenda Section 58 mjini Nakuru, nyumbani kwa Mwalimu Karanja, kwa ajili ya binti yake Wachuka. Mzee amesema wazi kwamba shamba haliwezi kuandikwa jina la mwanamume asiye na mke. Nina miaka thelathini na mitatu, Kiprugut. Nimetumia visingizio vyote nilivyokuwa navyo.

Usikasirike kabla hujasoma hapa. Nimefikiria njia. Mzee anahitaji mtu wa kukaa shambani aangalie trekta na combine, na nimemwambia hakuna anayejua mashine kuliko wewe. Amekubali. Utapewa ile nyumba ya nyuma, karibu na zizi. Tutaonana kila siku bila mtu kuuliza kitu. Wengine hata hawapati hiyo bahati.

Nijibu upesi.

Kamande


Olkaria
13 Agosti 2024

Kamande,

Sitakuuliza hali yako. Mtu anayeweza kuandika barua kama ile yuko salama kabisa, anakula vizuri na kulala vizuri.

Niliisoma nikiwa kazini, nimekaa juu ya bomba la mvuke wa ardhini. Unajua hapa hewa inanuka mayai viza mwaka mzima. Wageni wakija hufunika pua, na sisi tunawacheka kwa sababu tulishazoea. Barua yako, lakini, nimeisoma mara nyingi na sijaizoea.

Ile nyumba ya nyuma. Unaisema kama kitu ulichokiokota njiani ukaniletea zawadi. Nilizaliwa mle, Kamande. Baba yangu, Kimaiyo, aliendesha trekta ya baba yako mpaka mgongo ukapinda, na akija jikoni kwenu alipewa chai kwa kikombe cha bati kilichokaa peke yake dirishani, ili kisichanganyike na vyenu. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulipofunga magunia tukaondoka, baba yako hakutufukuza, hapana. Alisimama kwenye veranda akatuangalia tukipita. Wewe ulikuwa kando yake na jezi ya shule.

Sasa nirudi mle. Niamke nimwamkie mke wako, "Umeamkaje, mama?" Nimwone akibeba mimba yako. Halafu wewe ukipata nafasi uje kukagua grisi. Hilo ndilo umekaa chini ukalifikiria ukaliita njia. Natafuta neno la heshima na sipati. Ni kinyaa, basi.

Miaka baadaye ulikuja kwenye karakana ile ya Njoro, nilipokuwa fundi, na bearing iliyovunjika, ukajifanya unajua saizi yake na hukujua. Mimi nilikupenda hapohapo, kwa sababu ulicheka nilipokusahihisha. Mwenye barua hii simjui. Yule aliyecheka yuko wapi?

Kiprugut


Njoro
20 Agosti 2024

Kiprugut wangu,

Umenipiga na ninastahili. Lakini usidhani huku ninakula vizuri. Jumapili pasta alikuja nyumbani kuombea "safari ya ndoa". Alinipaka mafuta kwenye paji la uso, mengi, yakatiririka mpaka kwenye nyusi, na mama zangu wadogo wote wakalia kwa furaha. Nilitoka nje nikajipangusa na nyasi. Nilijiona kama mbuzi anayepimwa mbavu.

Wachuka si mtu mbaya. Ni mwalimu wa hesabu, anaongea sana na anacheka kwa sauti. Jana alinipigia simu akanieleza mambo ya siku ile, leso sijui, viatu sijui, mimi nikawa naitikia tu. Sauti yake inapita kama redio ya jirani. Nikimaliza kuongea naye najioshea uso. Si kwa ajili yake. Ni mimi ninayejinukia.

Lakini nifanye nini? Nikisema ukweli, Mzee atanifukuza, na kabla jua halijatua vijana wa senta watakuwa wamejua. Umesahau walivyomfanyia yule kinyozi wa Mau Narok? Mimi sikusahau. Nilimwona akipandishwa pikipiki kupelekwa hospitali.

Nina ombi moja. Siku hiyo, tarehe kumi na nne mwezi ujao, nitahitaji watu wa kusimama upande wangu. Njoo. Sema umekuja kuendesha lori la vitu. Nikikuona pale nitaweza kumaliza.

Kamande


Olkaria
2 Septemba 2024

Kamande,

Unataka nije nikushike mkono ukioa. Nibebe kreti za soda mpaka kwa wakwe zako, nipigiwe vigelegele na mimi, nile nyama, nifute mdomo, nirudi zangu na lori tupu. Hakuna mchinjaji aliyewahi kumwomba mbuzi amshikie kisu.

Yule kinyozi sikumsahau. Naogopa kama wewe. Hapa kwenye mabweni ya wafanyakazi tunalala wanane chumba kimoja, na hadithi wanazosimulia kuhusu watu kama sisi zinanifanya nijifunike uso nijifanye nimelala. Nacheka pale wanapocheka. Halafu naenda chooni natema mate. Kwa hivyo usinifundishe hofu.

Tofauti yetu ni kwamba mimi sijamwita mtu mwingine aje akae ndani ya uongo wangu apike. Huyo Wachuka amekukosea nini?

Siji. Na usinitafute kwa Becky.

Kiprugut


Section 58, Nakuru
18 Septemba 2024

Kwa Kiprugut,

Hunijui, lakini ulikuwa kwenye harusi yangu kutwa nzima Jumamosi iliyopita, kwa hivyo sioni haja ya kujitambulisha sana. Mimi ni Wachuka. Barua hii inaletwa na Joan, ambaye tulisoma pamoja na sasa anapika kwenye kantini yenu. Hajui iliyomo.

Jina lako nililipata kwa Njuguna. Nilimuuliza yule mtu wa buti aliyesimama nyuma ya hema ni nani. Akasema, "Ah, huyo? Huyo ni kijana wa dereva wetu wa zamani. Alikuja na lori."

Nitakueleza nilichokiona kutoka ndani ya leso, kwa sababu nyinyi wawili mlidhani aliyefunikwa haoni. Unajua desturi yetu. Wasichana wanafunikwa kichwa mpaka miguu, wanapangwa mstari, na bwana harusi anamchagua wake. Watu wazima wote wanajua kwamba bibi harusi humpa mwenzake ishara mapema ili asiaibike. Nilimpa. Nilimwambia kwa simu, nikarudia, kwamba chini ya leso nitavaa raba nyeupe. Wengine wote walikuwa na ndala. Mtoto wa chekechea angenipata.

Kamande alipita mbele yangu akaenda akamshika wa tatu kutoka kushoto. Shangazi yangu. Ana miaka hamsini. Watu wakaanguka kwa kicheko, na Njuguna akapiga kelele, "Boss, hata bibi yako humjui?" Akajaribu tena, akamshika mwingine. Na pale ndipo nilipoona. Aliyekosea huwa anaangalia mstari, anatafuta. Yeye aligeuka akakuangalia wewe. Na wewe ukainama ukaziba mdomo, na yeye akauma midomo, na kwa dakika ile hapakuwa na mtu mwingine pale uwanjani isipokuwa nyinyi wawili, mnazuia kicheko kwenye harusi yangu.

Nilijiona jinsi ninavyoonekana, mtu mzima, mwenye digrii, nimefungwa leso kama mzigo, nikingoja kuchaguliwa na mtu ambaye hajawahi kunisikiliza hata mara moja.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Baba alimimina pombe ya muratina, akaniletea pembe ya kunywea mbele ya wazee wote, akaniuliza kama desturi inavyotaka, maana akinywa ndiyo nimekubali kuolewa, "Mwanangu, nikunywe hii?" Nikamwambia, "Usikunywe, Baba." Akadhani sikusikia. Akauliza tena. Nikarudisha pembe mkononi mwake.

Usinishukuru. Sikufanya kwa huruma juu yenu. Sikuitaja sababu kwa kuwa najua watu wale wangewafanya nini, na sitaki damu ya mtu uani kwa baba yangu. Lakini ninawaona wote wawili wachafu, na si kwa jambo lile wanalolifikiria watu wa kanisani. Mlikuwa mnanitumia kufunikia sufuria yenu.

Tangu siku ile Baba haongei na mimi. Nilitaka tu ujue kuna mtu aliona.

Wachuka


Njoro
20 Septemba 2024

Mpenzi wangu,

Ulikuja. Ulisema huji na ukaja. Nilipokuona nyuma ya hema na zile buti zako nikasahau kila kitu. Yule shangazi mtu. Bado nikikumbuka nacheka peke yangu zizini.

Na umeona Mungu alivyofanya. Sikusema neno hata moja na mambo yamevunjika yenyewe. Mzee amekasirika, lakini si na mimi, ni na akina Karanja. Mama ameambia chama chao chote kwamba msichana lazima ana mimba ya mtu mwingine, ndiyo maana alimkataza baba yake kunywa. Sasa ndiyo habari ya mji. Nimesikia shule imemwita. Mimi nilinyamaza. Nilitaka kusema kitu, lakini ningesema nini bila kujichoma? Hayo yatapita, watu husahau.

Mama anasema kuna msichana mwingine kule Molo, lakini hilo halitakuwa kabla ya Desemba. Tuna nafasi, Kiprugut. Nyumba ya nyuma bado iko wazi. Niambie lini unakuja.

Wako,
Kamande


Olkaria
27 Septemba 2024

Kamande,

Barua mbili zimenifikia, yako na ya Wachuka. Ndiyo, aliniandikia. Aliona kila kitu. Aliona tukicheka.

Nimekaa na barua hizo wiki nzima. Nilianza kwa kujichukia, maana ni kweli nilicheka. Nilikuja pale nimejaa sumu, nikataka nikuone ukiharibikiwa, na ulipoharibikiwa nilifurahi, na sikukumbuka hata kidogo kwamba chini ya leso moja kulikuwa na mtu. Hilo ni langu na nitalibeba. Nimemwandikia nikamwambia.

Lakini la kwako limenishinda. Yule mwanamke alikuwa na neno moja tu la kusema pale, na tungetolewa hapo kwenye machela. Akalimeza. Akasimama mbele ya wazee akajivika aibu isiyo yake. Na wewe unakaa mezani kwa mama yako unasikiliza akiitwa malaya, unaongeza sukari kwenye chai. "Watu husahau." Nani amesahau kikombe cha baba yangu? Watu wanaosahau ni wale wa upande wenu, Kamande, mliokaa verandani.

Nimekuvumilia uoga kwa sababu mimi pia ni mwoga. Huu si uoga. Uoga ni kukimbia. Wewe unakaa kimya, mtu mwingine anapigwa mawe yako, na unamshukuru Mungu. Mwili wangu umekukataa. Nilipofika pale ulipoandika "mpenzi wangu" nilihisi kama nimeguswa na kitu kilichooza.

Nenda Section 58. Mwambie Mwalimu Karanja kwamba binti yake hana mimba wala kosa, na kwamba kosa lilikuwa kwako. Jina langu usilitaje kama unaniogopea, au litaje, nimechoka. Mpaka hapo usiniandikie. Na hata ukienda sikuahidi chochote. Usiende ili unipate. Nenda kwa sababu ni haki yake.

Kiprugut


Karagita, Naivasha
21 Oktoba 2024

Kiprugut,

Umesema nisiandike mpaka niende. Nimeenda.

Ilinichukua muda mrefu kuliko ulivyoweza kuvumilia, najua. Mara mbili nilifika kwenye geti lao nikageuka. Mara ya tatu Mwalimu Karanja mwenyewe alikuwa nje anamwagilia bustani ya sukuma, akaniona, na sikuweza tena kukimbia.

Nikamwambia, "Mwalimu, Wachuka hana mimba na hajakosea mtu. Mimi ndio sikuwa mkweli. Kuna mtu ninampenda, na nilikuwa nataka kumuoa binti yako ili nimfiche huyo."

Akasema, "Sasa huyo msichana si ungemleta tu kwenu, badala ya kuaibisha mtoto wangu?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Aliniachia mlango wazi kabisa, Kiprugut. Angedhani ni msichana, Wachuka angesafishwa, mimi ningerudi nyumbani nikala ugali.

Nikamwambia, "Si msichana, Mwalimu."

Hakunipiga. Aliacha maji ya mpira yakimwagika miguuni mwake. Mke wake alikuwa mlangoni, akasikia, akatema mate chini, akafuta mdomo kwa kanga. Mwalimu akasema polepole, "Toka kwa boma yangu. Toka kabla sijaita vijana." Nikatoka. Wachuka alinifuata mpaka barabarani. Sikuwahi kumwangalia vizuri kabla ya siku ile. Ana alama ndogo ya kuungua shingoni. Akaniambia, "Shule waliniambia nikae nyumbani kwanza. Kesho Baba ataenda kuongea na headteacher. Lakini umechelewa sana, Kamande, usidhani umefanya kitu kikubwa." Nikamwambia sidhani.

Nilipofika Njoro simu zilikuwa zimetangulia. Godoro langu lilikuwa uani linawaka, na mama alikuwa analichochea kwa kijiti, amefunga pua na kitambaa. Hakuniangalia. Njuguna aliniambia nisiguse mlango. Mzee alitoka, akasimama verandani, akasema, "Afadhali ungeiba. Mwizi ningemlipia." Halafu akaingia ndani. Ngano imekomaa, wiki hii wanavuna. Nilipita kando ya shamba na begi moja, na wafanyakazi wakaacha kazi kuniangalia. Nikakumbuka magunia yenu. Sikulia wakati ule, nililia hapa.

Sikuja kwako moja kwa moja kwa sababu uliniambia nisiende ili nikupate. Nimepata kazi kwenye shamba la maua, nakata miiba ya waridi na kupanga kwa urefu. Vidole vimejaa vidonda na msimamizi ananiita mzee kwa sababu niko polepole. Mikono yangu inanuka dawa hata nikiosha. Nimepanga chumba cha mabati. Choo tunatumia nyumba nyingi na sitakueleza hali yake. Bado naogopa. Nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje, nashika kitasa.

Jana mwenye nyumba, mama mmoja mkali anayeitwa Mama Ooko, aliniuliza kama nitakaa peke yangu. Nikamwambia kuna mtu wangu ambaye huenda akaja. Akauliza, "Ni bibi?" Nikasema hapana. Akaniangalia, akaangalia ndoo yake, akasema, "Kodi ni ileile, mkuwe wawili ama kumi. Kelele ndio sitaki."

Huna deni na mimi. Nilitaka tu ujue mahali nilipo.

Kamande


Olkaria
24 Oktoba 2024

Kamande,

Sijakusamehe yote. Wachuka ameniandikia kwamba amerudi kazini, na kwamba baba yake bado hajui akae upande gani wa meza. Ameandika pia kuwa ulikuwa unatetemeka mpaka akadhani utaanguka kwenye sukuma. Nilisoma hapo mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Jumapili nina mapumziko. Nitafika mchana, kukiwa na watu nje, na nitauliza njia kwa yeyote nitakayemkuta. Huyo Mama Ooko akitaka kujua ni nani anabisha, mwambie Kiprugut arap Kimaiyo. Mwambie jina lote.

Kiprugut